Nyama Ipumuzike Kwanza

Bunia, mardi

Yaya Fanny,

Siye hapa tuko wazima. Ile mashini ya kukaanga na hewa ya moto yenye ulinitumia inafanya kazi muzuri. Kotleti za nguruwe ninatia chumvi asubui, ninazipanguza zikauke, kisha dakika kumi na mbili tu.

Juzi ndugu za marehemu bwana yangu walikuja kudai funguo ya nyumba. Nikaweka ile funguo pa meza, nikatosha kotleti mu mashini. Nikawaambia nyama ipumuzike kwanza dakika tano, maji yake isipotee. Harufu ikawashika pa kiti. Mu zile dakika nikasema: nyumba hii tulijenga wawili, mimi sitoki.

Walikula, wakalamba vidole, wakaaga. Funguo ilibaki pa meza, pamoja na mifupa.

Mudogo wako, mwenye nyumba,
Pétronille