Kabula, Kwa Nini Ulininyima Njano?

Kabula rafiki yangu,

Mwangaluka, ingawa huko uliko sijui kama kunakucha. Ningeanza kwa kukulilia, lakini nilikulilia vya kutosha wakati wa matanga, mpaka dada yako Holo akanishika mkono na kuniambia inatosha, nisije nikaugua na mimi. Leo nina swali. Nimekaa nalo tangu mvua zilipokatika, na mwenye jibu ni wewe, na wewe umejilalia hapo kando ya shamba la baba yako. Basi nimeona nikuandikie.

Kwa nini ulininyima rangi ya njano?

Usijifanye hukumbuki. Tangu tulipohamishiwa kijijini hapa Nkololo na wewe ukaweka cherehani yako barazani, sikuwahi kushona kwa fundi mwingine ulipokuwa hai. Kila nilipokuja na wazo la rangi, ulinitazama usoni, ukatoa pini mdomoni, ukasema, "Minza, njano inakuua uso. Wewe ni mtu wa kahawia." Nikashona kahawia. Nikashona kijivu. Nikavaa kaniki na lile gauni la kijani iliyochoka ambalo hata mbuzi wa jirani hawakuligusa lilipokuwa kwenye kamba. Wanawake wengine walitoka kwako wamevaa maua na ndege, mimi nikatoka nimevaa rangi ya ukuta wa nyumba yangu. Na nilikuamini, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unajua.

Sasa sikiliza kilichotokea baada ya wewe kuondoka.

Siku ya kugawa nguo zako, shangazi yako alifungua sanduku mbele yetu sote. Khanga zilikwenda kwa Holo, sketi kwa mabinti wa kaka yako, kilemba cheusi akakichukua shangazi mwenyewe bila kumwuliza mtu. Mimi nilikaa karibu na mlango kwa kuwa si ndugu wa damu, nilikuja kwa heshima tu. Chini kabisa likatoka gauni la kitenge cha njano, lenye mikono mirefu, limekunjwa vizuri na majani ya mwarobaini ndani yake. Hakuna aliyewahi kukuona nalo. Holo akajaribu kulipitisha kichwani, likamkwama mabegani. Mabinti likawapwaya. Shangazi akalitupa mapajani mwangu, akasema, "Basi na rafiki yake achukue, asiondoke mikono mitupu."

Kabula, nilipolivaa nyumbani lilinikaa. Nikajua kwamba ulipokonda kwa ile homa ulilibana, ndiyo maana likanifaa mimi niliye mdogo kuliko wewe. Hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni kioo. Nilijitazama katika kile kipande cha kioo kilichobaki, nikaona mwanamke mwenye mashavu na macho. Uso wangu haukuwa umekufa hata kidogo.

Nilikwenda nalo gulioni Bariadi. Mama mmoja anayeuza dagaa, ambaye alikuwa akinunua kwangu chumvi katika duka la kijiji nililokuwa nikiliuza na hakuwahi kunisalimu kwa zaidi ya neno moja, alinisimamisha akasema, "Kumbe Minza una uso!" Lile "kumbe" lake liliniumiza kuliko tusi. Nilirudi kwa miguu nikikuwazia vibaya njia nzima, na ningeomba radhi kwa hilo, ila wakati ule niliona nina haki.

Niliwaza hivi: Kabula alijua. Kabula alikuwa na kitenge cha njano sandukuni, na kila siku alinipeleka kwenye kahawia ili yeye abaki kuwa mzuri wetu. Mimi mwanamke niliyeachika, sina wa kuniambia nimependeza, nimeshikwa mkono na rafiki na kuwekwa kivulini. Na kama alidanganya hapo, alidanganya wapi pengine?

Nikaanza kukuchunguza. Cheka ukitaka.

Ulisema kilemba cha satini hakifai kwa mwanamke anayebeba maji, kinateleza. Nikaazima satini ya Holo, nikaenda kisimani nimejitwika ndoo. Sikufika hata kwenye mti wa kwanza. Maji yote mgongoni, ndoo imebonyea, na watu wa kucheka walikuwepo. Hapo ulisema kweli. Ulisema siku ya kuchuma pamba mtu asivae shanga shingoni wala herini za kuning'inia, na mikono ya blauzi ifike kwenye viganja kwa sababu ya maganda ya vitumba. Nikavaa mikono mifupi na herini. Jioni mikono yangu ilikuwa imechanika, na herini moja nimeiacha shambani kwa mtu. Kweli tena. Ulisema kitambaa kipya kilowekwe kabla ya kukatwa, kiachwe kinywe maji usiku kucha na chumvi kidogo, ndipo uweze kukiamini. Nikampa fundi mwingine kitambaa kikavu cha shimizi, na baada ya kufuliwa mara moja ikawa ya mtoto. Ulisema msimu wa mvua pindo lisishuke chini ya nusu ya vigimbi vya miguu, maana udongo wetu mweusi ukishika pindo hauliachi. Hilo sikulijaribu, nilikuwa nimechoka kuaibika.

Yote ulisema kweli. Uongo ulikuwa mmoja tu, nao ulihusu uso wangu. Hapo ndipo nilipokasirika zaidi, kwa sababu mtu anayedanganya kila kitu ni tabia yake, lakini anayedanganya kitu kimoja ana sababu.

Nikaendelea kulivaa. Kwa hasira nililivaa mpaka dukani.

Unajua duka la kijiji lilivyo siku hizi. Mgao ukifika wa sabuni, foleni inaanza kabla jogoo hajawika, na ukifika wa vitenge watu wanaangaliana mikono. Wiki ile lilikuwa limefika robota la vitenge, na ndani yake vilikuwemo vya njano. Vilipogawiwa, vikapungua. Nilihesabu mimi, akahesabu na balozi wetu wa nyumba kumi, vikapungua vilevile. Na mimi niliyeshika funguo nimesimama nyuma ya kaunta nimevaa njano kuanzia shingoni hadi miguuni. Sikufikiri. Kabula, wallahi sikufikiri, nilikuwa nakufikiria wewe.

Nikaitwa ofisi ya kijiji. Mwenyekiti alikuwa mpole kwa namna ile inayotisha, akaniita Ndugu Minza kila alipofungua mdomo. Pembeni yake alikaa Mama Nkamba, msimamizi wetu wa akina mama, yule ambaye macho yake hayapepesi. Wakaniuliza gauni nimelipata wapi. Nikasema kwa marehemu Kabula. Balozi akasema, "Marehemu hana mdomo." Nje dirisha lilikuwa limejaa vichwa. Nilisikia neno mlanguzi likipita kutoka kichwa hadi kichwa. Nilijua maana yake. Yule mwenye duka wa kijiji cha pili alichukuliwa kwenye gari hadi wilayani, na aliporudi hakuna aliyenunua kwake hata kiberiti, mpaka akahama.

Mama Nkamba akasema nilivue. Tukaingia chumba cha nyuma yeye na mimi na wanawake wengine wawili, nikabaki na shimizi na khanga ya kuazima, nikiona aibu mpaka machozi. Akaligeuza gauni ndani nje, akalipeleka kwenye mwanga wa mlango.

Akapitisha kidole mshono kwa mshono. Kisha akaanza kuwaonyesha wenzake kwa kidole. Mistari ya matobo ya sindano mahali ambapo hapakuwa na uzi. Kitambaa kilichofifia nje, lakini ndani ya mishono bado kina rangi kali. Alama ya pindo la zamani imepita katikati ya kiuno. Kitenge kile kilikuwa kimeshonwa, kikafumuliwa, kikashonwa upya. Hakikutoka kwenye robota lolote la wiki ile. Mmoja wa wale wanawake akakitambua kabisa: ni kile ulichopewa na mama yako siku ya kuolewa, kabla hatujahamia kijijini. Ulicheza nacho uwanjani siku ile.

Nikashusha pumzi. Nikanyoosha mkono nichukue gauni langu, nikidhani yamekwisha.

Mama Nkamba hakuniachia. Alikuwa ameishika mikono ya gauni, ameiweka pamoja, mmoja juu ya mwingine. Akaniambia, "Minza, leta mkono wako wa kulia." Wa kulia niliuvunja utotoni nilipoanguka kwenye mkokoteni wa ng'ombe, ukaunga vibaya, ni mfupi kuliko wa kushoto. Nimekwisha kuusahau, kwa sababu tangu nikufahamu nguo zangu zote zimefika viganjani sawasawa. Yeye akauweka mkono wa gauni juu ya wangu. Akasema, "Hili halikupimwa kwa Kabula. Hili ni lako. Ulikatiwa wewe."

Mkono wa kulia wa gauni ni mfupi kuliko wa kushoto, Kabula. Nilikuwa nimelivaa wiki kadhaa sijaona.

Nililia pale, si kwa kuokoka. Nililia kwa kuwa ulilifumua gauni la harusi yako ukiwa mgonjwa, ukalikata kwa kipimo changu, na mimi nikakutukana njia nzima kutoka Bariadi.

Ndipo Mama Nkamba akaniambia lile lingine, huku akinifunga vifungo kama mtoto. Kwamba kila mgao ulipofika, na watu walipoanza kunong'ona kuhusu mwenye funguo, wewe uliketi na cherehani yako ukisema kwa sauti, "Mwangalieni Minza. Mwizi wa vitenge anavaa kaniki?" Ulisema kwake, ukasema kisimani, ukasema kwa wake wa wajumbe ulipokuwa unawapima viuno. Akaniambia, "Kahawia yako ndiyo iliyokulinda, mayu, mama yangu. Sisi tulikuwa tunakuangalia miaka yote hiyo."

Nilidhani nikisikia jibu nitatulia. Sikutulia. Nina hasira mpya. Ulinifanya tangazo la uaminifu bila kuniambia. Ungeniambia tu: Minza, usivae njano kwa sababu ya duka, watakuonea. Ningeelewa. Au labda nisingeelewa. Labda ningekwenda kumtukana Mama Nkamba mbele za watu, nawe ulinijua kuliko ninavyojijua. Lakini uso wangu, Kabula! Kulikuwa na haja gani ya kusema unakufa? Miaka yote hiyo niliamini mimi ni mbaya. Hapo bado sijakusamehe, na nakwambia waziwazi ili usije ukasikia kwa mtu.

Vile vitenge vilivyopungua havijaonekana. Balozi ameshona shati jipya la njano, anasema ni la zamani. Nimemwambia siku moja alitoe nilione kwa ndani. Ameacha kupita dukani.

Au niseme, aliacha kupita dukani duka lilipokuwa bado langu. Jumatatu nilirudisha funguo. Mwenyekiti alinisihi nibaki, akasema nimeonekana safi, kijiji kinaniamini. Nikamjibu kwamba sitaki kuaminiwa kwa rangi ya nguo. Wamemweka binti wa Holo, Limi. Alikuja kwangu na kipande cha kitambaa chekundu kuuliza kama kinamfaa. Nilimwambia kinamfaa sana, kinamng'arisha. Halafu nikamwambia na yale mengine yote: watakavyomtazama, watakavyonong'ona, kile anachoweza kusema na asichoweza. Nikamwachia achague mwenyewe. Bado anafikiri.

Naahidi hivyo, Kabula. Mwanamke akiniuliza kuhusu nguo, nitampa ushauri wako wote, wa pamba na wa satini na wa pindo la masika, na nitampa na sababu yake. Sitamwambia mtu uongo kuhusu uso wake, hata kwa kumpenda.

Holo amenipa cherehani yako. Nimeanza kwa viraka.

Wabeja, asante, rafiki yangu. Lala. Nimekaa nikijiuliza ulikuwa unangoja nini na gauni lile sandukuni, na jibu ninalolipata ni moja tu, kwamba ulikuwa unangoja siku nitakayoacha duka.

Nimeacha, Kabula.

Wako,
Minza