Beringi za Baiskeli Yako ya Milimani

Kwa dada yangu mkubwa, mkubwa kwa umri tu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama una mafua basi yawe yale mepesi. Sisi huku hatujambo. Mama hajambo, jogoo wa jirani hajambo kwa bahati mbaya, na mimi mdogo wako ni buheri wa afya, nazidi kupendeza mpaka kioo cha chumbani kimepata ufa. Najua utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Simu unaikata kila nikianza kujisifu, tena Mama huwa amekaa pembeni anasikiliza. Barua haikatiki. Makosa ya herufi uyasamehe. Wewe ulisoma mpaka vitabu vikaomba likizo, mimi na shule tuliachana kwa amani.

Sasa, habari ya baiskeli yako. Uliniagiza niitoe stoo nibadilishe beringi za pale chini, panapopita ekseli ya pedali, niweke za kauri, kwa sababu mwenzako wa kazini, yule wa mashindano, angekuja Jumamosi kuiangalia ainunue. Nikasema kazi ya kitoto. Beringi zilizokuwamo nilizifunga mwenyewe, mpya kabisa, siku chache kabla hujaondoka, na tangu hapo baiskeli imetundikwa kwenye ndoano. Nilitegemea kukuta vumbi na buibui. Buibui hakuna. Tairi zina upepo. Nikazungusha pedali, ikasaga kama mtu anayetafuna mchanga.

Nikaipeleka kwetu karakana. Fundi mkuu tunamwita Sikio, maana husikiliza baiskeli kwa bisibisi aliyoibana sikioni kama daktari. Akasikiliza kidogo, akauliza ni nani aliyeiua. Tulipochomoa ekseli yakatoka maji ya kutu, grisi hamna hata ya dawa, na ikatupiga harufu ya sabuni ya vyombo na mafuta ya kupikia. Sikio akasema beringi hizi hazikulala ukutani, zimefanya kazi, na huyo anayeipanda anaiosha kama sufuria, maji ndoo nzima na kusugua, halafu ikilia anaitilia mafuta ya jikoni. Akanitazama. Karakana nzima ikanitazama. Dada, nimesingiziwa mambo mengi ambayo kusema kweli nilikuwa nimeyafanya, kwa hiyo hili la kusingiziwa bure liliniuma sana.

Nilimshuku mpangaji wa chumba cha uani. Nilimvaa akiwa anapiga mswaki, nikamwambia siku za mwizi ni arobaini. Akaapa, povu mdomoni, kwamba hata kupanda baiskeli hajui. Nikamwambia athibitishe. Akathibitisha vizuri sana, kwa sababu alianguka kabla hajakaa kwenye kiti. Mama akatoka na mwiko mkononi akanigombeza, akasema nimwache mtoto wa watu, baiskeli ni chuma na chuma nacho huchoka, halafu akarudi ndani upesi kuliko kawaida yake. Mtu mwerevu angeshtuka hapo. Mimi nilikuwa nahangaika kumwinua mpangaji.

Duka la vipuri lilikuwa limefungwa siku hiyo, kwa hiyo nikazirudishia zile beringi mbovu kwa muda na kuitundika baiskeli mahali pake. Kabla sijaenda kununua, Sikio alinipa darasa. Kipimo si taabu, namba zimechapwa ubavuni mwa beringi, na tundu la ndani, upana wa nje na unene nilipima kwa mkono wangu huu wenye kipaji. Taabu ni kuchagua. Za kauri ni nyepesi, zinazunguka kama zimetumwa, lakini ni za mtu anayekimbia na kuifungua baiskeli kuisafisha kila mara, maana mpira wake wa pembeni ni mwembamba na maji yakiingia zinanuna. Zipo za chuma zenye mpira mnene na grisi iliyoshindiliwa. Hizo mwanzoni zinazunguka kwa uvivu, lakini tope na maji zinavumilia. Akaniambia dukani nisianze na jina la baiskeli, nianze na nani anaipanda na nani anaiosha. Nikamjibu kwa majivuno kwamba anayeipanda ni mtu wa mashindano. Akasema haya, nenda.

Nikaenda, nikarudi na za chuma. Usiikunje barua! Ngoja nikwambie nilichokiona njiani.

Niliamka mapema, jambo ambalo lenyewe ni habari. Nilipofika kwenye mteremko nyuma ya zahanati, kuna mtu akaja juu ya baiskeli, sketi ameikusanya na kuifunga kwa kamba ya mkoba, miguuni raba zangu ambazo nilidhani zimeibwa. Breki ameziachia. Miguu ameitoa kwenye pedali, ameinyoosha huku na huku, na anacheka peke yake. Dada, alikuwa Mama. Mama huyu huyu anayeshika ukuta akipanda vidaraja viwili vya mlangoni. Mimi nisiyeogopa mbwa nikajificha nyuma ya tofali za watu.

Jioni nikamkuta anamenya vitunguu, nikamuuliza taratibu. Kwanza alikana, akadai vitunguu vinamtoa machozi na mimi namwongezea. Halafu akasema. Ulipoondoka wewe, kile kilima cha kwenda chumba cha kushonea kilianza kummaliza magoti, akawa anafika amechoka kabla hajagusa cherehani. Muuguzi akamwambia huenda kupiga pedali kungemchosha kidogo kuliko kutembea. Akajaribu mara moja. Akajifunzia uwanja wa shule alfajiri, ua wa shule ukampokea mara kadhaa, na sasa anafika kazini kabla ya wenzake wote. Akasema lakini baiskeli ni yako, umeitolea jasho, na ukitaka kuiuza yeye hatamzuia mwanawe, atatembea kama zamani. Alilisema kama jambo dogo tu. Kisha akalisugua goti chini ya meza akidhani sioni. Akaniapisha nisikwambie kitu.

Nimeapa. Na kiapo chenyewe ndicho hiki unachokisoma, nishtaki.

Kuna na jingine, na hili ni langu peke yangu. Mnunuzi wako alikuja Jumamosi, Mama akiwa kazini, nami baiskeli nilikuwa nimebaki nayo kusudi. Alikuta kiti nimekishusha, mbele nimefunga kikapu, na chini mna zile beringi za chuma. Akaizungusha uani kidogo, akasema nzito, imefungwa kama ya kubebea mzigo. Nikamkubalia kwa moyo mweupe. Akaenda zake. Kwa hiyo nimekuharibia biashara, na hasira zako nazipokea zote, zitume kwa njia yoyote.

Ila nakuomba, kabla ya kunitukana mimi, mpigie Mama. Habari ya magoti usiiguse. Sema umeghairi kuuza, na kwamba fundi mmoja hodari amekuambia baiskeli ikitundikwa muda mrefu grisi huganda ndani, kwa hiyo unamwomba awe anakupandia kidogo kidogo asubuhi. Omba kama mtu mwenye shida. Atakataa, maana unamjua, naye ukimbembeleza mara ya pili atasema basi kwa sababu ni wewe.

Kuhusu kuosha usiwe na wasiwasi, nimemwonyesha kutumia kitambaa, na mafuta ya kupikia nimeyaficha, ndiyo maana tunakula vya kuchemsha.

Sikio anakusalimu. Mpangaji hanisalimii mimi, labda wewe atakusalimu. Wape salamu wote wanaokuvumilia huko, kula vizuri, na ulale mapema.

Ni mimi mdogo wako wa mwisho, fundi wa kwanza katika ukoo,

Kitindamimba