Gari ya Célestin na Bei ya Nusu

Kasongo, kambi ya wafanyakazi wa pamba
Alhamisi, tarehe 19 Juni 1958

Mpendwa shemeji Emile,

Jambo sana wewe, jambo Julienne, jambo watoto wote wa hapo Albertville. Kikohozi cha Julienne kimepona? Na kile kidonda cha mguu wako, bado kinakusumbua ukisimama ofisini? Sisi hapa miili haijambo. Watoto wanakwenda shule ya Mapadri, mvua imekwisha, vumbi linaingia mpaka ndani ya sufuria. Dada yako Odile anakula kidogo. Mutu akituuliza tuko namna gani, tunamjibu tuko, basi.

Najua unangoja habari za matanga. Yatakuwa Jumamosi tarehe 28, Kabambare, kwa baba yenu, Baba Grégoire. Siku hiyo ukoo wenu utakaa na kuuliza ni nani aliyemla kwa uchawi mdogo wako Célestin. Lakini hawatauliza kitu, maana wamekwisha kumpata. Wanasema ni shangazi yenu Véronique. Wanataka kumtoa katika ukoo, asikae kwa mutu, asizikwe na mutu.

Shemeji, si yeye. Mimi najua kilichomwua Célestin, nilikijua kabla hajafa, na nimenyamaza karibu miezi mitatu. Soma mpaka mwisho kwanza, halafu unilaani.

Wewe hukuiona gari yenyewe. Ilikuwa ya yule muzungu wa pamba mwenye ndevu nyekundu, aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Gari ya mbio, ya mwaka 1949, viti viwili tu, turubai badala ya paa, magurudumu ya nyuzi kama ya baiskeli, na tumbo liko chini hata kuku angepita kwa taabu. Kwetu hapa gari ya namna hiyo haina kazi. Haibebi gunia la pamba, haibebi mama na mtoto wake, na barabara zetu unazijua. Lakini Usumbura kuna wazungu vijana wanaozitafuta gari hizo za zamani, wanashindana nazo Jumapili. Wanalipa vizuri, mradi namba ya mashini ilingane na karatasi na vyuma viwe vile vile vya kiwandani. Baba alisikia habari hiyo, asilale tena. Atanunua Kabambare, atauza Usumbura, na faida itampa kamio ya zamani ya kubebea mpunga. Halikuwa wazo la kijinga, usimcheke.

Akatuma niitwe niipime. Kazi yangu unaijua. Hapa Kasongo shofere hanunui gari kabla Théophile hajailalia chini. Napitisha sumaku niliyoifunga kitambaa: ikishika, hicho ni chuma, ikianguka, chini ya rangi kuna udongo wa kuzibia. Kilomita zinazoandikwa kwenye saa sizisomi kabisa, mutu yeyote anaweza kuzirudisha nyuma. Natazama mpira wa kanyagio, maana mguu wa shofere unaula taratibu na hakuna anayekumbuka kuubadilisha. Naweka kijiti kwenye mashini na sikio langu juu ya kijiti. Miaka kumi na minne nafanya hivyo, na sijawahi kumdanganya mutu.

Ilikuwa Februari, katika kiwanja cha Baba, ukoo mzima umekaa kwenye viti, hata majirani. Mashini ilikuwa nzuri ajabu, namba zinalingana, ngozi ya viti haijapasuka. Nikaingia chini. Sumaku ikaanguka mara ya kwanza, ikaanguka mara ya pili. Gari ile ilipinduka zamani, ikanyooshwa, ikapakwa rangi. Halafu nikaona mkono wa usukani, kile chuma kinachovuta magurudumu ya mbele. Kilivunjika siku ile ya kupinduka, wakakiunga kwa moto, wakakipaka grisi nyeusi. Nilipofuta grisi nikakuta ufa mwembamba kama unywele, umekwisha kuota kutu ndani. Chuma kile kilikuwa kinakatika polepole. Kwa Usumbura gari iliyopinduka ni kama bure, na kwa mutu wa kuiendesha ilikuwa kaburi.

Sasa nisikilize vizuri. Baba ni mukwe wangu. Mbele yake sinyanyui macho, na neno langu linapitia kwa mzee Heri, msemaji wenu. Ningesema namna gani, mbele ya majirani, kwamba kitu anachokipenda ni kibovu? Nikakumbuka mahari ya Odile. Wewe ulikuwepo. Baba yangu alileta mbuzi kumi, na mmoja alikuwa anaharisha. Baba yako hakusema mbuzi ni mgonjwa. Alimwambia Heri, huyu tunamhesabia nusu. Nasi tukaelewa, tukamrudisha kimya, tukaleta mwingine, na hakuna aliyeaibika. Hivyo ndivyo wakwe wanavyosemezana kwetu.

Basi nikamnong'oneza Heri: "Umwambie Baba, gari hii mimi naihesabia nusu."

Heri akapaza sauti, mukwe wenu anasema nusu. Nikangoja Baba akunje uso na kuachana nayo. Loo! Akapiga makofi. "Munasikia? Mukwe wangu iko na macho! Muzungu anataka elfu makumi tatu, sasa nitamupa kumi na tano, na hatakataa!" Na kweli hakukataa, alikuwa na haraka ya ndege. Kesho yake Baba aliniletea jogoo mkubwa wa shukrani. Nilimla, shemeji. Nilimla pamoja na watoto wa dada yako.

Kwa mbuzi nusu ni ugonjwa, kwa gari nusu ni bei nzuri. Mimi fundi sikuliona hilo.

Utaniuliza, na Célestin je? Yeye si mukwe, ni shemeji, yeye ungeweza kumwambia. Nilimwambia! Nilimwambia kama mashemeji wanavyoambiana: "We Célestin, gari hii itakutupa mtoni, nirithi viatu vyako." Akacheka mpaka machozi, akaniita fundi wa makamio mwenye wivu. Nami nikacheka. Ningeweza kuacha kucheka, nimshike shati, nimwambie sitanii. Sijui kwa nini sikumshika. Nilijipa moyo kwamba Pasaka nitakuja na vyombo vyangu, nitengeneze chuma kingine, na hakuna atakayejua kitu. Mtu wa Usumbura akaandika kwamba anaitaka gari kabla ya Pasaka. Célestin akaondoka nayo kuipeleka Alhamisi, siku tatu kabla ya Jumapili ya Matawi.

Mama mmoja aliyekuwa anakwenda shambani alimwona kwenye mteremko wa mto Luama. Anasema Célestin alikuwa anazungusha usukani mara nyingi, haraka haraka, na magurudumu hayageuki. Gari ikaenda mbele moja kwa moja mpaka kwenye mawe. Hakuteseka muda mrefu, hilo niamini, nilimwosha mimi mwenyewe pamoja na Heri.

Siku ya kilio watu walikuwa wanaitazama gari kama nyoka, hakuna aliyeikaribia. Mimi nilikwenda. Mkono wa usukani ulikuwa umekatika pale pale. Mahali palipovunjika, sehemu kubwa ilikuwa nyeusi kwa kutu, na ukingo mdogo ulikuwa unang'aa. Nyeusi ndiyo niliyoiona Februari. Ule ukingo mdogo ndio uliokuwa bado umeshika, ukamfikisha Luama. Nikakifungua kile chuma, nikakitia mfukoni, nikarudi kukaa na waliaji. Mficha maradhi kilio humuumbua, tunasema kila siku, lakini mimi nililia na bado nikaficha.

Na shangazi Véronique? Kosa lake ni mdomo. Siku gari ilipoletwa, Baba aliwapandisha wamama mmoja mmoja, awazungushe sokoni. Shangazi alikuwa ametoa mpunga wake wa mwaka mzima kuchangia, akaja, akaona viti viwili, akakasirika. Akasema mbele ya watu wote: "Gari gani hii haina nafasi ya mama? Ni gari ya mutu mumoja na kifo yake." Akatema mate chini, akaenda zake. Hasira ya bibi mzee, basi. Lakini baada ya kilio neno lile likapita nyumba kwa nyumba. Mwezi wa tano walivunja vyungu vyake na kung'oa nyasi za paa.

Ametembea siku sita kwa mkongojo mpaka hapa Kasongo, kwa sababu Odile ni mtoto wa kaka yake. Yuko nyumbani kwangu wiki ya tatu sasa. Kila nikimsogezea chakula ananishika mkono, ananiambia katika ukoo mzima ni mimi peke yangu ninayemwamini. Ee Mungu wangu! Namwamini kwa sababu najua.

Ndiyo sababu nakuandikia. Kwenye matanga yenu mukwe hana sauti, wewe ni mtoto wa kwanza. Nataka kukuomba uwe kinywa changu, umwandikie Baba kwamba

Ijumaa, saa saba mchana.

Niliacha kalamu hapo juu, sikuweza kuendelea. Leo shangazi alikuwa nyuma ya nyumba anapeta mchele, Odile ameketi karibu naye. Nikachukua chuma, nikakiweka kwenye mkeka kati yao, nikawaeleza yote kama nilivyokueleza wewe. Odile aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Shangazi aliendelea kupeta mpaka mchele ukaisha. Nilidhani hakusikia. Halafu akasema, bila kunitazama: "Hapa hakuna mutu ananishitaki. Ukisema hapa, umeusemea muchele. Twende ukaseme kule."

Nikamwambia, shangazi, Baba ni mukwe wangu, sina ruhusa kusimama mbele yake. Akanijibu kwamba yeye naye hakuwa na ruhusa ya kutembea siku sita na magoti yale.

Kwa hiyo, Emile, sikuombi tena uwe kinywa changu. Jumatatu kamio ya pamba inakwenda Kabambare, nimekwisha kusema na shofere. Mimi na shangazi tutapanda. Nitasimama katikati ya watu, nitamtazama Baba usoni, kitu ambacho sijakifanya tangu nioe, na nitasema kwa sauti yangu bila Heri. Naogopa, sikufichi. Baba akitaka kumchukua binti yake, ni haki yake. Akinipiga, sitainua mkono. Lakini shangazi atalala katika nyumba yenye paa.

Ukiweza kuja, njoo. Usipoweza, mwandikie shangazi, hata mstari mmoja, apate karatasi ya kuonyesha kwamba mtoto wa kwanza hamshitaki. Kwangu usiandike kama moyo umekataa. Nitaelewa.

Nisalimie Julienne, umwambie anywe asali na ndimu. Msalimu mama Régina na wale wa kanisani waliochanga kwa ajili ya kilio. Wabusu watoto, hasa yule mdogo anayeitwa Célestin. Bwana awafunike na mkono wake, awape siku nyingi, na awaepushe na vyakula vya majonzi kama hivi tunavyokula sisi.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye hata kama utalikataa neno hilo,

Théophile

Odile ametoka chumbani sasa hivi, nami nilikuwa bado sijafunga bahasha. Amesema naye anapanda kamio Jumatatu. Amefunga nguo zake zote, na za watoto.