Nyuzi Zisizo na Panya

Jumatatu, 1 Septemba

Nyuzi za gitaa zimechemka dakika kumi, zitoe uchafu. Zile zile za mwezi jana. Hii ni mara ya tatu kuzitia kwenye sufuria, na uzi wa nne umeshaanza kuchubuka, lakini leo sikuwa na nguvu za kwenda mjini. Maji yamegeuka rangi ya chai ya mkandaa, isiyo na maziwa. Chumvi ya upepo wa bahari pale hotelini ninakopiga na jasho la vidole vyangu, siku kumi tu, nyuzi kwisha. Miaka ishirini na saba napiga gitaa Malindi hii, na miaka ishirini na saba nachemsha nyuzi kama mtu anayepika maharagwe.

Sidi, mke wangu, ameita kutoka kitandani: "Supu ya chuma haijaiva?" Nikacheka. Kisha nikakumbuka kwamba hajainuka hapo tangu Ijumaa, siku daktari aliponivuta pembeni akaniambia nimrudishe nyumbani Muyeye. Ini limekwisha. Hakusema siku ngapi, na mimi sikuuliza. Lile neno lingine alilolitaja sitaliandika humu.

Nilipozifunga nikapiga kidogo. "Umefika?" akauliza. "Nimefika." Mazoea yetu hayo. Nikirudi kazini nakaa sebuleni, nashika gitaa hata viatu sijavua, na yeye yuko jikoni na mahamri yake. Vidole vikiteleza kwenye nyuzi vinatoa kile kilio chembamba, kwii, kwii. Wapigaji wengine hukificha. Sidi hukiita panya wangu. Akisikia panya anajua ni mimi, si mtu mwingine.

Jumatano, 3 Septemba

Uzi wa nne umekatika. Nilijua tu.

Nimekwenda dukani kwa Swaleh. Kaniwekea pakiti mbili juu ya meza. Hizi za kawaida, akasema, chuma kilichozungushiwa shaba tupu, kwa vidole vyako wewe ni wiki mbili. Hizi nazo zimevishwa utando mwembamba hata jicho haliuoni. Kutu hazipati, chumvi hazipati. Miezi mitatu, minne, hata sita. Halafu akauliza, hana ubaya wowote: "Sasa mzee wangu, wataka za muda gani?"

Nikinunua za wiki mbili, nimesema nini juu ya mke wangu? Nikinunua za miezi sita, namdanganya nani? Nikamfokea Swaleh, anauza nyuzi au anauza kalenda? Nikatoka mikono mitupu. Maskini, hajui lolote. Njia nzima nimeona haya.

Ijumaa, 5 Septemba

Furaha, binti yetu, amefika kutoka Mombasa. Begi kubwa. Begi la mtu wa kukaa. Sikupenda kuliona.

Amemwogesha mamake, amembadilisha shuka, amemsuka nywele mistari minne tu kwa sababu kichwa kinauma. Mimi nikawa nazungukazunguka mlangoni. Mwisho akaniambia, "Baba, hebu nenda kanunue hizo nyuzi. Mama anasema nyumba imenyamaza."

Nimerudi kwa Swaleh, nikamwomba radhi. Nimechukua zenye utando. Ghali, lakini nimechukua. Nataka miezi sita. Mungu kama anasoma, asome pakiti.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimezifunga. Zateleza kama zimepakwa sabuni. Sauti safi, kila noti imenyooka. Nimepiga mchana kutwa hotelini na hakuna hata moja iliyoshuka. Nimerudi nikiwa na raha, ya kwanza tangu Ijumaa ile. Sidi alikuwa amelala.

Jumapili, 7 Septemba

Kila Jumapili baada ya kanisa Sidi hufuta nyuzi zangu kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi. Kazi yake. Sikumpa mimi, aliitwaa mwenyewe mwaka wa kwanza wa ndoa, alipochoka kunisikia nikilalamikia kutu. Leo kamtuma Furaha amletee gitaa na kitambaa, akaegemezwa mito mitatu.

Nikasema, bila kufikiri: hizi mpya hazitaki mafuta. Mafuta yanaziharibu, Swaleh kanionya.

Akakikunja kitambaa mara nne. Akakitia chini ya mto.

Mdomo wangu huu!

Jumatatu, 8 Septemba

Nimepiga asubuhi, mlango wa chumba wazi. Ule wimbo usio na maneno, nilioutunga tulipokuwa wachumba. Nikangoja aulize kama nimefika. Wapi. Halafu nikamsikia akimwambia Furaha kwa sauti ndogo: "Nani huyo anayepiga? Baba yako hajarudi?"

Ni Baba, Mama, akasema Furaha.

"Si yeye. Panya wako wapi?"

Naandika kama ilivyokuwa: nilikasirika. Nilimkasirikia mgonjwa. Nimekwenda mpaka mjini kwa ajili yake, nimenunua zinazodumu kwa ajili yake, ati si mimi. Nikalibwaga gitaa kwenye kiti, nikatoka, nikatembea mpaka baharini na kurudi bila kumsalimu mtu. Jirani kanipa shikamoo mbili, sikuitika hata moja. Atasema nina kiburi. Aseme.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimejaribu kila njia. Nimeburuta kidole polepole, nikaburuta haraka, nikakandamiza, nikatumia ukucha. Hakuna. Utando umewameza panya wote. Ndiyo sifa yake, imeandikwa nyuma ya pakiti: hazina kelele za vidole. Sikuisoma. Nilisoma miezi tu.

Meneja wa hoteli anasema gitaa langu sasa ni kama la kwenye redio. Nikamwambia asante. Nilitamani kumpiga nalo.

Macho ya Sidi yamekuwa manjano. Hali ila uji, vijiko vitatu.

Jumapili, 14 Septemba

Ile dawa ya maumivu inamlaza. Akiamka hafumbui macho, mwanga unamchoma. Mara nne leo ameuliza, "Baba Furaha hajarudi?" Mara zote nne nilikuwa nimeketi hatua sita kutoka kitandani, gitaa mapajani, napiga.

Nikaenda nikamshika mkono. "Nipo." Akasema ndiyo, akasinzia. Baada ya nusu saa akauliza tena. Mkono wangu ameuzoea kumtia dawa, kumgeuza, kumshika anapotapika. Mkono wa muuguzi sasa. Mume anayerudi nyumbani ni yule wa sebuleni mwenye panya. Na huyo nimemwondoa mimi mwenyewe, kwa pesa yangu.

Nimelia bafuni, bomba likiwa wazi ili Furaha asisikie. Amesikia.

Jumatatu, 15 Septemba

Nilikuwa mlangoni kwa Swaleh kabla hajafungua. Nikamwambia anipe zile za shaba tupu. Akashangaa. "Si juzi tu umefunga zenye utando? Zile zingekufikisha Krismasi."

Sitaki za Krismasi, nikamwambia. Nataka za leo.

Akanitazama. Nadhani ndipo alipoelewa, maana aliacha utani wake wote. Akauliza pakiti ngapi. Tazama tena hilo swali! Nikasema moja. Nikiishiwa nitakuja. Akasema, "Njoo wakati wowote, ndugu yangu. Hata duka likifungwa, gonga nyumbani."

Jumanne, 16 Septemba

Nimefungua zile zenye utando polepole, sikukata hata mmoja. Nimezikunja duara, nikazirudisha kwenye pakiti yake, nikatia kwenye droo ya meza. Nimefunga za shaba. Sikupiga wimbo. Nimekaza tu, nikaziweka sawa, halafu nikateremsha vidole kutoka juu ya shingo mpaka chini.

Kwiiii.

Kutoka chumbani: "Umefika?"

"Nimefika."

"Mwambie Furaha akupe chai."

Basi. Hayo tu. Nimekunywa chai na machozi pamoja, na Furaha alinigeuzia mgongo akajifanya anaosha kikombe kilicho safi.

Jumapili, 21 Septemba

Leo katoa kitambaa chini ya mto. Kimemwaga mafuta kwenye foronya, chumba kizima kinanukia nazi. Amefuta uzi wa kwanza na wa pili. Wa tatu mkono ukamwanguka. Nikaushika pamoja na kitambaa, tukamaliza hivyo, wangu juu ya wake. Kaniambia hizi zina kutu tayari, siku sita tu. "Jasho lako linakula chuma, wewe." Anaringa, utafikiri kaniumba yeye.

Siku nzuri. Niandike hivyo. Siku nzuri.

Jumatano, 1 Oktoba

Pakiti ya pili. Swaleh hakuuliza kitu. Kanifungia na tende kidogo kwenye gazeti, za mgonjwa. Mgonjwa hawezi tende. Nimekula mimi njiani, nikaona uchungu.

Nimeacha hoteli kwa sasa. Meneja kasema atatafuta kijana wa kushikilia. Sawa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Sidi hasemi tena tangu juzi. Daktari wa zahanati kaja, kasema tukae karibu. Tuko karibu, tukae wapi kwingine?

Nyimbo nimeziacha. Zinanichanganya, nakumbuka harusi, nakumbuka watu waliokwisha kwenda. Napandisha vidole na kushusha tu. Kwii juu, kwii chini. Jirani kachungulia dirishani, nadhani kaona nimepatwa na wazimu. Lakini kila nikishusha, kidole cha shahada cha Sidi kinanyanyuka kidogo juu ya shuka. Furaha kakiona pia.

Jumatano, 15 Oktoba

Saa nne asubuhi. Nilikuwa napiga. Sikujua. Furaha alikuja akaweka kiganja chake juu ya nyuzi.

Jumapili, 19 Oktoba

Tumemzika jana Dabaso, nyumbani kwa marehemu baba yangu, nyuma ya minazi. Watu wengi. Kwaya ya kanisa imeimba vizuri. Shemeji yangu kalileta gitaa bila kuniuliza, akaniwekea miguuni mbele ya watu, ati piga basi, umuage. Nimekataa. Kasema nimemwaibisha dada yake. Yeye anazijua nyimbo. Panya hawajui.

Nimechoka. Nina hasira na kila mtu aliyekula wali pale.

Jumanne, 28 Oktoba

Mvua. Furaha anakunja nguo za mamake, anazikunja tena. Kauliza kitambaa afanye nacho nini. Nikamwambia akiache.

Nampigia kelele kwa vitu vidogo. Chumvi. Mlango. Ananivumilia. Kaupata moyo wa mamake, na mimi sistahili.

Jumapili, 9 Novemba

Furaha amerudi Mombasa, kazi haimngoji mtu. Nimemsindikiza mpaka stendi. Kaniachia unga wa uji kwenye kopo, maagizo juu yake kwa kalamu.

Nimelishika gitaa kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Nyuzi zote kutu, nyekundu, zimekwaruza vidole hadi vimechubuka. Jumapili ngapi bila mafuta! Nimechukua kitambaa nizifute. Kimekauka, kigumu kama gamba. Nikakaa nacho.

Jumatatu, 24 Novemba

Hoteli wamepiga simu. Kijana wao kapata kazi Diani. Wageni wa mwisho wa mwaka wanaanza kuingia, nianze kesho. Nimesema ndiyo. Nakula nini nikisema hapana?

Nimefungua za kutu. Sikuzichemsha. Nimezitupa, kisha nikaziokota, nikazitia kwenye kopo tupu. Nitajua baadaye. Sina pakiti nyingine na kwa Swaleh sikutaka kwenda, atanipa pole tena nami sijui niiweke wapi. Nimefungua droo. Zile zenye utando zilikuwa pale pale, zinang'aa, hata alama ya kidole hazina. Nimezifunga.

Nimepiga ule wimbo wetu, wote, mwanzo hadi mwisho. Sauti safi. Kimya kati ya noti na noti. Chumba mlango wazi, kitanda kimetandikwa shuka ya maua.

Nyuzi hizi hazimwambii mtu kuwa nimerudi. Basi nikasema mwenyewe, kuelekea mlangoni, si kwa sauti kubwa: nimefika, Mama Furaha.

Kisha nikavua viatu, nikaenda kuchemsha chai.