Namna Nilipanga Garderobe ya Mama Mudogo

Bukavu, Kadutu, asubui, misa ikiisha

Mama yangu mupenzi,

Mbele ya wote nakusalimia weye, uliyenizaa na ukavumilia. Mugongo yako inasemaje? Ile mbuzi mweupe ilizaa, ao ingali inatudanganya na tumbo? Papa aliacha kukohoa? Miye niko muzima kabisa. Nimenenepa kidogo, na wasichana wa huku wameanza kuona. Hiyo si kujisifu, mama, hiyo ni habari.

Barua hii nampatia shofere wa ile fuso inayoleta mawese, juu simu yenu huko Bunyakiri inakamata rezo tu juu ya kilima, na mambo niliyo nayo ni marefu, ingekula unité zote za simu. Furaha, dada yangu, weye njo utamusomea mama. Soma kila neno. Usiruke pahali najisifu, utamu iko pale.

Unajua, mama, Mama Mudogo alikuwa amechoka na miye. Niliunguza suruali ya Tonton, bwana yake, na fer ya kunyoosha nguo, nikaangusha termosi mpya, kisha nikaacha kuku wa jirani aingie jikoni, akatuharibia unga. Dada yako akaniita mbele ya Tonton, akasema: "Byamungu, nakupenda juu ya mama yako. Lakini ukiniharibia tena kitu moja, kimoja tu, unapanda fuso unarudia kulima muhogo."

Sidharau muhogo. Lakini Tonton alikuwa ameahidi kuongea na fundi mumoja wa kushona hapa Kadutu, anipokee, nijifunze, na moyo wangu wote iko kwa ile masini. Shule ilinishinda, ao miye niliishinda, watu hawajakubaliana. Sindano, ile hainishindi. Basi nikawa malaika. Hata kuku walishangaa.

Sasa, yaya Esther, binti yao mukubwa, iko na muchumba, anaitwa Patient. Familia ya Patient ilipaswa kuja siku ya posho, jumamosi, kuzungumuza mahari. Mama Mudogo akaangalia chumba chake, pahali wageni watatia mikoba na makoti, akashika kichwa. Garderobe, ile kabati ya nguo, ilikuwa haifungi tena. Mulango alikuwa ameifunga na kamba.

"Byamungu," akasema, "miye naenda kazini, ku bureau. Tosha vyote inje. Panga. Kile kilichozeeka, kile kisichovaliwa, patia maskini. Nikirudi nataka kufungua hii mulango na kidole kimoja."

Mama, ile haikuwa garderobe, ile ilikuwa soko bila wauzaji. Mulikuwa robe ya komunyo ya kwanza ya yaya Esther, na sasa Esther ni murefu kupita mulango. Mulikuwa viatu vya kushoto vilivyosahau vya kuume. Mulikuwa sasheti ya plastiki ndani ya sasheti, na ndani ya ile ya mwisho, sasheti. Na veste za Tonton! Nikatosha koti moja ya rangi ya kahawia, nikamupelekea ku salon, chumba ya wageni, pahali alikuwa anasahihisha kazi za wanafunzi wake.

"Tonton, kifungo ya hii veste na tundu yake vilionana lini mara ya mwisho?"

"Weka. Nitakonda."

"Tonton, miye nakuona ku meza kila siku."

"Byamungu!"

"Naweka, Tonton. Naweka pembeni ya zile zingine za kukonda."

Kisha nikafika ku vikwembe, vile vitenge vya kujifunga. Dada yako iko na vikwembe, mama, utasema anafungua magazini ya kuuza. Na zilikuwa zimepangwa bila kichwa: nyekundu kando ya bleu, bleu juu ya manjano, mpya chini ya ile iliyopauka. Nikasema, huyu maman alisoma, lakini rangi hazijui. Nikapanga zote kwa rangi. Za bleu zilikuwa mingi zaidi, zikakataa kuingia mu rafu yao. Nikatosha moja yenye picha ya ndege, iliyopauka kidogo, nikatia ku fungu ya maskini.

Wakati ule ule akapita Maman Nabintu. Huyu ni maman anayebeba mizigo ku mugongo, kamba ku kipaji ya uso, toka ku bandari mupaka ku soko, na sisi anatuleteaka makala. Nikamupa fungu yote. Akafungua kikwembe ya ndege, akaipapasa, akaifunga pale pale juu ya ile yake iliyopasuka, akanibariki na maneno mingi ya Mashi, luga yake. Sikuelewa yote, lakini nilijua nilistahili.

Mama Mudogo aliporudi alifungua mulango na kidole kimoja. Akapiga kelele ya furaha. Tonton akasema wageni wakisha kuenda, ataenda kwa fundi. Miye nikatembea mu parcelle, inje ya nyumba, mikono mu mifuko, nikiwaangalia majirani kama watu ambao siku moja watakuja nipime viuno vyao.

Siku ya posho ikafika. Wageni wamejaa salon, koko ya Patient, mama ya baba yake, ametiwa mu kiti kikubwa, fanta mu mukono. Mazungumuzo yalikuwa bado ku salamu. Mulango wazi. Nani anaingia, gunia ya makala ku mugongo, jasho ku pua, na ile kikwembe ya ndege ku kiuno? Maman Nabintu.

Shangazi ya Patient, mwanamuke wa sauti, akasema: "Eeh! Kikwembe ya kilio ya papa yetu, leo njo inabeba makala?"

Hapo nikaelewa. Unajua namna watu wa huku wanafanya, mama: familia ikimaliza kilio, inachagua kikwembe moja, wale wote wa karibu wanainunua, siku ile wanavaa sawa na kukaa pamoja. Ile ya ndege ilikuwa ya siku walimaliza kilio ya bwana ya huyu koko. Mama Mudogo aliivaa, akakaa nao, na pale njo Patient na Esther walianza kuangaliana. Kuitoa ovyo ni kama kuwaambia: kufa kwenu, sisi tuliisha kuitupa. Na kuwaambia vile siku wanakuja kuomba mutoto!

Mama Mudogo aliniangalia kama mutu anayetafuta fuso. Yaya Esther akarudisha sinia ya biskiti jikoni. Kijana mwengine angekimbia, angepumuzika mbali, Kamanyola. Miye nikasimama katikati.

"Koko, mama wa hii nyumba hakujua. Miye njo nilimupatia huyu maman."

"Juu ya nini ulichagua hii?"

"Ilikuwa bleu, koko. Na bleu zilikuwa zimejaa."

Patient akakohoa ndani ya fanta yake. Koko hakucheka. Akamugeukia Maman Nabintu, aliyekuwa angali amesimama na gunia, juu hakuna mutu alimwambia atue.

"Weye. Ulikuwa ku kilio ya bwana wangu?"

"Nilikuwa, koko. Nilibeba maji. Na kasiksi, pombe ya ndizi, nilibeba."

"Ulikaa wapi?"

"Nyuma ya nyumba, na wabebaji. Sikukuwa na kikwembe ya kukaa mbele."

Koko akaangalia ile kikwembe muda murefu, kama mutu anayesoma.

"Sasa unayo. Tua gunia. Kaa hapa kando yangu."

"Koko, niko muchafu."

"Makala inanawishwa. Byamungu, kama njo jina lako, leta maji."

Nikaleta mbio, na sabuni nikaleta. Maman Nabintu akanawa, akakaa mu kanapé kati ya wageni, upande wa bwana-harusi, juu kikwembe ilikuwa ya upande wao. Na unafikiri alinyamaza? Walipofika ku ngombe, akasema: "Huyu Esther, miye namujua. Kila siku ananisaidia kutua muzigo. Ngombe yake isikuwe yenye mbavu za kuhesabu." Shangazi ya sauti akamuambia: "Maman, weye si uko upande wetu?" Akajibu: "Niko kwenu, ndiyo. Sipendi tupate haya." Koko akacheka mupaka meno yaliyobakia yakaonekana yote. Mahari ilipatana kabla ya sahani kutoka, na ilipatana vizuri.

Wageni walipoenda, Mama Mudogo akaniita mu chumba.

"Nani alikufundisha kupanga kwa rangi?"

"Macho yangu, Mama Mudogo."

"Vikwembe vinapangwa kwa watu, mupumbavu weye."

Akatosha zote, akazimwaga ku kitanda, akaanza kunionyesha. Hii ni ndoa ya dada ya Tonton. Hii ni kilio ya jirani, ile familia ilikuja kwetu, sisi hatujaenda kwao bado. Hii na hii zisilale pamoja, wenyewe waligombana. Kisha akakamata moja ya manjano yenye maua, akaikunjua polepole. Ndoa yako, mama! Akaniambia ulicheza mupaka kisigino ya kiatu ikavunjika, ukaendelea bila viatu, papa akakufuata na viatu mukononi uwanja muzima. Na weye ukanichapa siku nilicheza ku ubatizo! Nilishika ile kikwembe, nikaitia ku shavu.

Kisha akakata hukumu. "Asubui utaenda kwa fundi, Tonton amekwisha ongea. Jioni utakuja hapa. Siku utajua kila kikwembe ni ya nani, bila kukosa, nitasema kama unabakia mu hii nyumba ao unarudia kwenu."

Mama, kwa fundi nimekwisha anza, na anasema mukono wangu ni mwepesi. Vikwembe, nilizijua zote mu juma ya kwanza. Lakini kila jioni najichagulia moja, nakuna kichwa, namwita bibi-harusi jina lingine. Mama Mudogo anakasirika, anakaa ku kitanda, anaanza upya, na hukumu inangoja.

Basi salamu kwa papa, mubeba viatu. Salamu kwa koko yangu wa kando ya kanisa, aliyenifundisha kudanganya ku muchezo wa mbegu. Salamu kwa tonton mufuga nyuki, na kwa Furaha anayesoma hii na kucheka kabla yenu. Na Mama Mudogo akikupigia simu, akuulize kama tangu utoto nilikuwa na kichwa nguvu cha kutoshika maneno, nakuomba, mama, lalamika mingi.

Miye mutoto wako, mwenye mukono mwepesi,
Byamungu