Kanga Niliyofunikia Mtambo Wako wa Halua

Baba Nasra,

Hivi wewe huna haya? Tangu Ramadhani hujanijia hata ndotoni. Jirani yangu hapa Bawshar, mumewe kafa nyuma yako na keshamjia mara kadhaa, na walikuwa hawapatani! Mie nnasoma dua zangu, nnalalia ubavu wa kulia, nnangoja, wapi! Basi nnakuletea maneno mwenyewe. Unajua kusoma sikusoma. Anaandika mjukuu wako Ruqaya, na nimemwambia asinisafishie mdomo.

Kesi ya mtambo wako imekwisha.

Ulipofumba macho tu, kampuni moja ya Ulaya ikaanza kuuza mtambo kama ule wako wa kukoroga halua, wenye mwiko unaopunguza mwendo wenyewe halua ikianza kukaza. Wao wanakorogea jemu. Ruqaya akawashitaki kwa ile hataza, hati uliyoandikisha kule kwao kwamba mbunifu ni wewe. Wakageuza kibao: wakaiomba mahkama hiyo hiyo iifute, ati watu walishauona mtambo kabla hujauandikisha, kwa hivyo si kitu kipya. Nililia, Baba Nasra. Si kwa chuma. Wewe uambiwe umejipa kitu cha kila mtu, na ile miaka yote karakana ya Wattaya, unarudi hata kula huwezi… basi.

Mahkama yao ina mambo. Sie tunagombana kwa mdomo kwanza. Kule ni kuandika: huyu anadai, yule anajibu, huyu anajibu jibu, yote kwenye kompyuta. Jambo usipoliandika mapema, siku ya kusikilizwa wanakutazama tu. Majaji wametoka nchi mbalimbali, na mmoja wao mhandisi. Huyo ungempenda.

Wale wakaleta picha ya harusi ya dada yake Ruqaya. Uko wewe uani kwetu mbele ya karai, kidevu juu, wageni wamekuzunguka. Kweli, ulikuwa hujaandikisha. Nilikukataza, ukanambia, "Mgeni hafichwi jiko, Bi Zuwena." Mdomo wako huo!

Lakini kile kisanduku kando ya karai, ambamo imo akili yote ya mtambo, pichani kimefunikwa kanga yangu. Ulinicheka: "Chuma nacho kinapigwa jicho?" Kinapigwa! Watu wote wale, kila mtu na roho yake.

Basi ushahidi wangu ukaandikwa, kisha wakaniuliza kwa video, na mkalimani. Wakili wao akataka kujua kama marehemu alikuwa akijivunia mtambo. Nikamwambia alijivunia hata chai akiichemsha. Je, kanga haikufunuliwa? Nikamwambia aifunue nani, na mie nimekaa pale pembeni mpaka mgeni wa mwisho kaondoka, mgongo unaniuma? Yule mhandisi akauliza kama nilikuwa nnalinda siri ya mtambo. Nikasema siri siijui, nilikuwa nnamlinda mume wangu na hasadi. Akatabasamu, wallahi.

Hukumu imetoka. Hataza imesimama, maana kilichokuwa chini ya kanga hakuna mgeni aliyekiona, na kampuni imeamriwa isiuze tena. Wana haki ya kukata rufaa; wakate. Jina lako limo mle, pamoja na la baba yako, kwamba mbunifu ni wewe. Nimemwambia Ruqaya anisomee pale pale, tena na tena, mpaka sauti imemkauka.

Karakana tumeifungua tena. Ruqaya anaunda mtambo mdogo, wa mtu kuweka jikoni kwake. Ana mikono yako, na ubishi wako pia, Mungu anisaidie.

Pumzika, baba. Mola akupanulie kaburi lako. Wakirudi na rufaa yao, nakuahidi watanikuta, na sitopunguza neno.

Na ukija, usianze kwangu na maneno yako matamu. Pita kwanza karakana. Mtambo mdogo unaunguza halua chini, na mtoto hajui kwa nini. Mwoneshe, taratibu, usimkaripie. Ukishamaliza ndiyo uje kwangu, hata kama mikono imejaa grisi.