Nusu ya Nyuma ya Kiti

Papa mkwe,

Nakuandikia wewe uliyelala nyuma ya kanisa la Nyakabere. Mimi ni mkamwana wako, Mama Neema. Shule yangu ilikoma darasa la sita, kwa hiyo ukikuta kosa, lipite. Nataka upate habari za pikipiki yako kutoka kwangu mwenyewe. Ni barua yangu ya kwanza kwako, na tukisema ukweli ni maneno yangu ya kwanza kwako pia.

Miaka mitatu tuliishi kwenye kiwanja kimoja bila kusemezana uso kwa uso. Ndiyo heshima ya kwetu. Ulikuwa unapitia kwa mtoto. Neema hajaota hata jino, na wewe unamwambia, "Neema, ambia mama yako chai ya leo iko na moshi." Na mimi namjibu yeye, "Ambia babu, kuni ni mbichi." Mtoto anatuangalia tu. Jina lako sikulitaja, kwenye sahani yako sikula, na pale ulipokaa sikukaa.

Ulipotutoka, pikipiki iliwekwa kwenye chumba cha mahindi. Kila Jumamosi nilikuwa naipangusa: tanki, taa, spoki moja moja. Kiti ndicho sikukigusa. Miaka minne kimelala na vumbi lake.

Sasa sikia sababu ya kuitoa. Mwaka huu nyanya zangu zimekubali. Lakini nikizituma kwa pikipiki za watu, wanazipanga chini ya magunia, zinafika Uvira zimegeuka supu. Kuna mama wa mgahawa kule ambaye aliniambia, "Mama Neema, nataka nyanya nzima, mara tatu kwa juma, kabla ya saa moja asubuhi. Mwezi ukiisha hujaweza, nachukua kwa mwingine." Mwezi ulikuwa umebaki na siku kumi. Na mimi kuendesha najua. Nilijifunza kwa kaka yangu, kule Kamanyola, kabla sijaolewa. Hilo hukulijua, kwa sababu sikumtuma Neema akuambie.

Mwanako, mume wangu, yuko Kalemie, kwenye mashua za mizigo. Nilimpigia simu. Akasema, "Mama akikubali, na minye mwenyewe nimekubali." Nikaenda kwa Mama, mjane wako. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Kuwasha, muwashe," alisema. "Lakini mkamwana hakai pale mzee alikuwa anakaa."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekuambia mvua inakuja. Nikaona nianze na lile la kuwasha.

Nilimwita fundi Bahati wa Mutarule. Aliizunguka, akapitisha kidole juu ya tanki linalong'aa, akacheka.

"Mumeiosha kama bibi arusi. Sasa tuone mu tumbo."

Ndani kulikuwa kumeharibika. Esansi, petroli uliyoiacha kwenye tanki, ilitoka na rangi ya chai iliyochemka sana, inanuka kama rangi ya mlango. Karibureta ilikuwa imeota ukoko wa kijani, vitundu vyake vyote vimeziba. Alivizibua kimoja kimoja kwa waya mwembamba, halafu anapuliza kwa mdomo. Mimi nilishika bakuli na kuokota skrubu. Buji, ile plagi ya kutoa cheche, tuliisugua kwa msasa, tukaikausha juu ya makaa. Pistoni ilikuwa imeshika, haisogei. Alimimina mafuta kidogo kwenye tundu la buji, akasema tuache ilale, isilazimishwe.

Alipofungua kisanduku cha hewa, alitoa kiota cha panya. Kilikuwa cha sponji. Tukaangalia chini ya kiti: panya walikuwa wamekichimba kutoka chini, wakajitengenezea kitanda.

"Ona," nilimwambia. "Wao wamekaa mahali mimi nakatazwa."

"Panya hawana mukwe," akajibu.

Mama alikuwa mlangoni. Nilimwona anageuza uso ili tusione anacheka.

Siku ya tatu pistoni iliachia. Bahati akapiga kiki mara nyingi, jasho linamtoka, pikipiki inakohoa na kunyamaza. Akabadilisha mguu. Halafu ikawaka. Ilitoa moshi mweupe kwanza, kisha ule mlio wako. Jirani mmoja alitoka nje na beseni la mahindi, akasimama, akaliangalia beseni. Nadhani alikumbuka enzi zako za ufundi wa vinu: ukisikika tu, kinu kilichokufa kitatengenezwa, watu watasaga.

Mimi nilikumbuka asubuhi ya kumzaa Neema. Uchungu umenishika, mwanako hayupo, na kituo cha afya kiko mbali. Wewe uliwasha pikipiki ukakaa mbele, unaangalia barabara tu. Mama akapanda katikati yetu kama ukuta, ili nisikuguse. Mimi nikakaa mwisho kabisa, na tumbo langu kwenye mgongo wake. Watatu na nusu, kiti kimoja. Kwenye kila shimo ulikuwa unasema, "Mama Espoir, uliza mgonjwa kama yuko sawa." Na Mama anageuka: "Anauliza kama uko sawa." Kana kwamba sikukusikia. Nilikuwa na maumivu, lakini nilicheka.

Basi, injini ikiwa bado inaunguruma, nilimwambia Mama, "Lakini kile kiti nilishakikalia. Siku ya Neema."

Bahati akazima.

"Ulikaa nyuma yangu," Mama akasema. "Nyuma haikuwa yake. Nyuma ilikuwa yangu, tangu aliponunua."

Alikuja, akapangusa vumbi la kiti kwa kitenge chake. Akaweka kiganja juu, kama anapima kitambaa. "Yeye alikomea hapa. Kuanzia hapa ni minye. Bahati, kata."

"Mama, kukata nini?"

"Kiti. Si uko na msumeno wa chuma?"

Bahati alituangalia mmoja baada ya mwingine. "Weye mama, minye natengeneza pikipiki tangu ujana, sijapasua kiti kwa sababu ya ukwe."

Lakini alikata. Nusu ya mbele Mama aliibeba mwenyewe, akaiingiza chumbani mwake. Nusu ya nyuma Bahati aliisogeza mbele, akaijaza sponji mpya, akaifunga kwa boliti huku ananung'unika kwamba haikai vizuri na tanki. Kweli haikai vizuri, inaegemea kushoto. Pale nyuma palipobaki wazi aliweka chuma cha kubebea kreti.

"Hiyo nusu ni yangu," Mama aliniambia, "na ninakupatia."

Sijui huko uliko mambo haya yanahukumiwa namna gani. Mimi nimetulia. Kama nimekosa, nimekosa nikiwa nimekaa kwenye kiti cha Mama, na yeye ndiye wa kuulizwa.

Jumanne nilipakia kreti mbili. Mama alinisindikiza mpaka barabarani, akashika usukani.

"Ukishuka kwenye ule mteremko wa mchanga, usikamate breki. Itakuangusha. Punguza mapema, halafu iache iende yenyewe. Ukiona imeanza kucheza, legeza mikono."

Nikamuuliza alijuaje, yeye ambaye hajaendesha hata siku moja.

"Nilikuwa nyuma yake," alisema. "Mimi nilikuwa naona mabega yake yakilegea."

Nilifika kwenye mteremko. Pikipiki ikaanza kucheza. Nililegeza mikono, ikanyooka, na nyanya zikafika Uvira nzima, kabla ya saa moja.

Ulale vizuri, Papa. Kesho naondoka tena mapema.

Mkamwana wako,
Mama Neema